Herufi si Vazi: Kusimamia Laha za Mitindo na Ikoni katika Tovuti ya Lugha Zetu

0. Utangulizi

Kilingala kina maneno matatu ambayo masikio yasiyozoea huyachanganya: moto, yaani mtu, motó, yaani kichwa, na mɔ́tɔ, yaani moto unaowaka. Kinachoyatenganisha ni toni na uwazi wa irabu. Kikundi chetu cha wanafunzi kilipoweka msamiati mdogo wa Kilingala na Kiswahili kwenye tovuti, maneno hayo yalionekana safi kabisa kwenye kompyuta tuliyofanyia kazi. Wiki chache baadaye mhadhiri mmoja alifungua ukurasa uleule kwa simu yake. Herufi ɔ zilionekana nyembamba kuliko jirani zake, kana kwamba zimeazimwa kwingine, na alama ya toni ilikuwa imeteleza hadi juu ya t. Alituuliza swali moja tu: «Hapa mnamfundisha msomaji neno gani?»

Tulikimbilia kurekebisha. Herufi zikapona, lakini ikoni zote za tovuti zikageuka visanduku vitupu: ya kutafuta, ya menyu, ya kusikiliza sauti. Baada ya mwezi mandhari ya tovuti ikasasishwa, na marekebisho yetu yote yakafutika.

Makala haya yanaeleza kwa nini mambo hayo matatu hutokea na jinsi ya kuyazuia. Mfano wetu ni WordPress, mfumo wa kusimamia maudhui unaotumika sana duniani, lakini mantiki yake inafaa kwa mifumo mingine pia. Hoja yetu ni moja: herufi ni maudhui, laha ya mitindo ni vazi, na ikoni ni alama ya aina yake. Matatizo huanza pale kimoja kinapopewa kazi ya kingine.

1. Maudhui na vazi lake

Mfumo wa kusimamia maudhui hutenganisha kinachosemwa na jinsi kinavyoonekana. WordPress, iliyoanza mwaka 2003, huhifadhi matini katika hifadhidata. Tangu toleo la 1.5 la mwaka 2005, sura ya tovuti hutolewa na mandhari, yaani folda yenye faili za kupanga ukurasa, picha, fonti, na laha ya mitindo iitwayo style.css. Ukibadilisha mandhari, matini hubaki ileile, bali sura yake huwa nyingine.

Laha ya mitindo ni orodha ya kanuni. Lugha inayoandikiwa, CSS, ilipendekezwa na Håkon Wium Lie mwaka 1994, na toleo lake la kwanza likaidhinishwa na W3C mwezi Desemba 1996. Kila kanuni ina kiteuzi, kinachosema ni kitu gani kinalengwa, na tamko, linalosema kitu hicho kionekaneje. Mwanaisimu hatashangaa: kuna umbo la ndani, kuna kanuni, na kuna umbo la nje.

Kanuni zikigongana, ile inayolenga kwa umahususi zaidi hushinda ile ya jumla. Ndiyo kanuni ya Pāṇini tunayoijua katika fonolojia. Zikilingana kwa umahususi, inayosomwa mwisho ndiyo inayofanya kazi. Lipo pia neno !important, ambalo hulipa tamko nguvu ya kuyapita yale yasiyo nalo. Ni kama kupaza sauti katika mkutano: unasikika, ila umevunja utaratibu, na atakayetaka kukujibu itambidi apaze sauti zaidi.

2. Mahali pa kuweka mabadiliko

Kosa letu la kwanza lilikuwa la mahali. Tuliandika kanuni zetu ndani ya style.css ya mandhari yenyewe. Mandhari inaposasishwa, WordPress huondoa folda ya zamani na kuweka mpya mahali pake, na chochote ulichoandika ndani ya ile ya zamani hupotea nayo. Hakuna onyo litakalokuambia ni mistari gani imekwenda.

Dawa yake ni mandhari mtoto. Unatengeneza folda yako ndogo yenye faili mbili: style.css, ambayo kichwa chake kina mstari wa Template unaotaja folda ya mandhari mzazi, na functions.php, ambamo unaagiza laha zipi zipakiwe na kwa mpangilio upi. Kila usichokiandika hurithiwa kutoka kwa mzazi. Laha ya mtoto inapopakiwa baada ya ile ya mzazi, kanuni zako hushinda zilizo sawa nazo bila kupaza sauti. Mzazi akisasishwa, mtoto haguswi.

Kwa kanuni chache ipo njia fupi: kisanduku cha CSS ya ziada, kilichokuja na toleo la 4.7 mwaka 2016. Kinachoandikwa humo huwekwa katika hifadhidata, hivyo husalimika wakati wa kusasisha. Lakini kimefungwa kwa mandhari moja. Ukihamia nyingine, haziji nawe. Kazi itakayodumu miaka na kurithiwa na wanafunzi wengine iwekwe katika mandhari mtoto, na nakala yake ihifadhiwe nje ya seva.

Jambo moja dogo hupoteza muda mwingi. Kivinjari hutunza nakala ya laha ya mitindo ili kisiipakue kila mara, na kwa msomaji anayenunua mega kidogo kidogo huo ni msaada wa kweli. Ila ukibadilisha laha bila kubadilisha namba yake ya toleo, msomaji huyo ataendelea kuona ile ya zamani. Functions.php hukuruhusu kutaja namba hiyo. Iongeze kila unaposahihisha.

3. Nani anatoa herufi?

Fonti si mapambo tu. Ni orodha ya herufi zinazoweza kuchorwa. Waundaji wengi wa mandhari hupunguza uzito wa faili za fonti kwa kubakiza herufi za lugha za Ulaya Magharibi. Kiswahili hakiathiriki, kwa kuwa hakina herufi nje ya hizo, na ndiyo maana hutuhadaa: tovuti inayopendeza kwa Kiswahili inaweza kukiumiza Kilingala katika ukurasa uleule.

Katika Unicode, ó ina namba yake moja, U+00F3. Irabu ɔ nayo ina namba yake, U+0254. Lakini ɔ́ haina namba moja. Huandikwa kwa namba mbili mfululizo, U+0254 kisha alama ya toni ya juu, U+0301. Ni vivyo hivyo kwa ɛ́. Kwa hiyo fonti inahitaji mambo mawili: kuwa na herufi ɔ, na kujua alama ya toni ikae wapi juu yake. Ikikosa la kwanza, kivinjari huazima ɔ kutoka fonti nyingine iliyopo katika kifaa. Ikikosa la pili, toni huteleza. Simu ya mhadhiri wetu ilikuwa na kasoro zote mbili kwa pamoja.

Kwa nini basi sisi hatukuona? Kwa sababu laha yetu ilitaja fonti ya Charis SIL kwa jina tu, na kompyuta yetu ilikuwa nayo tayari, kama zilivyo kompyuta nyingi za wanaisimu. Msomaji hakuwa nayo. Jina la fonti ndani ya laha si fonti yenyewe. Faili yake lazima iwekwe kwenye tovuti na kutangazwa kwa agizo la @font-face. Charis, Gentium na Andika, zote za SIL, zimetengenezwa kwa kazi hii na leseni yake inaruhusu kuzitumia bure. Tangu toleo la 6.5 la mwaka 2024, WordPress ina maktaba ya fonti inayokuwezesha kupakia faili bila kuandika msimbo, iliyoanza kwa mandhari za vitalu.

Hatua ya pili ni kuitaja lugha. Kila neno la Kilingala katika ukurasa wa Kiswahili lipewe alama lang="ln"; Ciluba ni lua, Kikongo ni kg, na Kiswahili cha Kongo kina msimbo wake, swc. Kisha kanuni ya fonti ilenge sehemu zenye alama hiyo tu. Faida si ya macho peke yake: programu inayosoma kwa sauti, au inayokusanya matini kwa ajili ya kopasi, itajua inasoma lugha gani.

Hapa inafaa kutaja hila moja inayotuhusu hata katika Kiswahili. Wakati wa kuonyesha ukurasa, WordPress hugeuza kibainishi kilichonyooka kuwa kilichopinda. Ng'ombe uliyemwandika kwa U+0027 hutoka akiwa na U+2019. Kwa jicho si kitu. Kwa programu inayohesabu maneno herufi kwa herufi, hao ni ng'ombe wawili tofauti. Katika ng' kibainishi ni sehemu ya herufi, wala si alama ya kunukuu. Tabia hii huzimwa kwa mstari mmoja katika functions.php ya mandhari mtoto, kwa kichujio run_wptexturize.

4. Ikoni zilizovaa sura ya herufi

Sasa turudi kwenye visanduku vitupu. Ili kuponya herufi tulikuwa tumeandika kanuni yenye kiteuzi cha nyota, kinacholenga kila kitu, pamoja na !important: kila kitu kitumie Charis. Kila kitu kilitii, ikoni zikiwemo.

Mandhari nyingi huchora ikoni kwa fonti. WordPress yenyewe ilileta fonti ya ikoni iitwayo Dashicons katika toleo la 3.8 mwezi Desemba 2013, na Font Awesome ilikuwa imeanza mwaka 2012. Fonti hizi huweka michoro katika eneo la Unicode lililoachwa kwa matumizi binafsi, kuanzia U+E000 hadi U+F8FF, nafasi 6400 zisizo na maana iliyokubaliwa na wote. Namba iliyo kioo cha kutafutia katika fonti moja si kitu katika nyingine. Charis ilipoamriwa ichore namba hizo, haikuwa na ikoni ya kuonyesha, ndipo visanduku vikajitokeza.

Wahadhiri wetu wanalikumbuka jambo hili kwa sura nyingine. Kabla Unicode haijaenea, fonti za IPA za miaka ya 1990 ziliweka alama za kifonetiki juu ya namba za herufi nyingine. Faili likifunguliwa kwenye kompyuta isiyo na fonti ileile, unukuzi wote uligeuka maandishi yasiyosomeka. Kuna tasnifu ambazo hadi leo zinasubiri mtu wa kuzibadili. Fonti ya ikoni inarudia kosa hilohilo: inafanya umbo la mchoro litegemee vazi, kisha inaliita herufi.

Njia bora ni SVG, yaani mchoro unaoandikwa kwa maelezo ya mistari. Hautegemei fonti, haupotezi ukali ukikuzwa, hurithi rangi ya maandishi ukiuandika hivyo, na unapakia ikoni tano unazozihitaji badala ya mamia usiyoyatumia. Weka faili hizo katika folda moja ya mandhari mtoto na uzipe majina ya kazi yake, kama sikiliza.svg, badala ya majina ya sura yake. Siku ukibadilisha mchoro wa spika kuwa wa sikio, jina litabaki kweli.

Kumbuka pia kwamba ikoni haina matamshi. Kitufe chenye mchoro pekee hakimwambii kitu asiyeona, na wakati mwingine hata anayeona hukisia. Kipe jina la maandishi katika lugha ya ukurasa. Ikoni ya pambo tu, nayo, ifichwe kwa programu za kusoma ili isiwe kelele.

Ukilazimika kubaki na Dashicons, jihadhari na mtego mmoja. Kwa kawaida WordPress huipakia kwa wageni pale tu mandhari inapoiagiza, lakini msimamizi aliyeingia kwa nywila huipata bila kuagizwa, kwa sababu ya upau wa usimamizi ulio juu ya ukurasa. Hivyo wewe unaona ikoni, wageni hawazioni, nawe unaapa kwamba tovuti ni nzima.

5. Kipimo kabla ya kutangaza

Sasa kikundi chetu kina ukurasa mmoja wa majaribio usiotangazwa. Una moto, motó na mɔ́tɔ katika maandishi ya kawaida, mazito na ya mlazo, katika kichwa cha habari, ndani ya kitufe, na kwa herufi kubwa, kwa sababu Ɛ na Ɔ nazo husahaulika. Chini yake kuna ng'ombe na kila ikoni ya tovuti. Baada ya kila sasisho tunaufungua kwa simu ya mtu mwingine, bila kuingia kama wasimamizi. Kazi hiyo haizidi dakika tano.

Hitimisho

Anayetengeneza mandhari mbali nasi hakukusudia kuifuta toni ya Kilingala. Hakujua tu kwamba ipo. Kuijua ni kazi yetu. Maabara za kompyuta tulizo nazo ni chache na waandishi wa msimbo katika kitivo ni wachache zaidi, lakini kuandika mandhari mtoto yenye faili mbili, kupakia fonti moja sahihi na kuchora ikoni tano hakuhitaji shahada nyingine. Kunahitaji mtu anayejua kwamba motó na mɔ́tɔ si neno moja, na mtu huyo, katika kitivo hiki, hakosekani.