Supu ya kabeji: Kilo zaondoka, mafuta yabaki

HUENDA umewahi kuiona karatasi ile. Zamani ilizunguka maofisini na katika saluni ikiwa imepigwa fotokopi mara nyingi hata herufi zikafifia. Siku hizi hutumwa kwa simu. Lakini maneno yake hayajabadilika: kunywa supu ya kabeji kwa siku saba, kiasi upendacho, nawe utapungua kilo tano hadi saba. Huhitaji mazoezi, huhitaji dawa, na gharama yenyewe ni kabeji na fungu la nyanya na vitunguu.

Kwa mtu aliye na harusi Jumamosi ijayo, na ambaye nguo yake imekataa kufungika kiunoni, ahadi hiyo ni tamu mno. Wala si watu wachache wenye haja hiyo. Uchunguzi wa kitaifa kuhusu afya na idadi ya watu wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba theluthi moja ya wanawake wa Kenya wenye umri wa kati ya miaka 15 na 49 walikuwa na uzani uliozidi kiasi kinachofaa, na wa mijini walizidi wale wa mashambani. Unene wa aina hii huongeza uwezekano wa mtu kupata kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo. Kwa hivyo anayetaka kupunguza uzani hana kosa. Kosa liko katika njia anayoifuata.

Siku saba za supu

Utaratibu huu ulienea Marekani katika miaka ya 1980 na 1990 kwa fotokopi na mashine za faksi. Mtu aliyeubuni hajulikani. Ili uaminike, ulibandikwa majina ya hospitali na taasisi za moyo, ambazo zilijitokeza kuukana.

Supu yenyewe hupikwa kwa kabeji, vitunguu, nyanya, pilipili hoho, karoti na seleri, pamoja na viungo vya mchuzi vya pakiti. Hunywewa kila siku. Siku ya kwanza huongezewa matunda, ila si ndizi. Siku ya pili ni mboga na kiazi kimoja, na ya tatu ni matunda na mboga. Siku ya nne mtu hula ndizi mbivu hadi nane na maziwa yaliyoondolewa malai. Siku ya tano na ya sita ni za nyama ya ng'ombe pamoja na nyanya au mboga. Ya saba ni ya wali wa mchele usiokobolewa, mboga na maji ya matunda yasiyotiwa sukari.

Mboga hizo hazina ubaya wowote. Kabeji ina vitamini C na nyuzinyuzi zinazosaidia tumbo, na ingekuwa heri kama wengi wetu wangeila zaidi. Tatizo ni kile kinachokosekana sahanini. Katika siku nyingi za juma hilo mtu hupata takriban kalori 800 hadi 1,000 tu, ilhali mwanamke wa kawaida hutumia kama 2,000 kwa siku.

Hebu tupige hesabu

Tuchukue mfano wa mwanamke anayetumia kalori 2,000 kwa siku, naye anapata 1,000 kutoka kwa supu na vyakula vile vingine. Kila siku mwili wake utalazimika kutoa kalori 1,000 kutoka kwa akiba yake. Kwa siku saba hizo ni kalori 7,000.

Sasa, kilo moja ya mafuta ya mwilini huhifadhi takriban kalori 7,700. Maana yake ni kwamba hata kama kila kalori iliyopungua ingetoka kwenye mafuta peke yake, mwanamke huyu hangepoteza kilo moja kamili ya mafuta kwa juma zima. Zile kilo tano au saba alizoahidiwa zitatoka wapi?

Nyingi ni maji. Mwili huweka akiba ya wanga katika ini na misuli kwa umbo linaloitwa glaikojeni. Kwa mtu mzima akiba hiyo hufikia kama nusu kilo, na kila gramu yake huhifadhiwa pamoja na gramu tatu hivi za maji. Chakula kinapopunguzwa ghafla, akiba hii ndiyo ya kwanza kutumika, na maji yake hutoka kwa mkojo. Kwa njia hiyo pekee mizani inaweza kushuka kwa karibu kilo mbili katika siku chache. Ongeza hapo upungufu wa chakula kilichokuwa tumboni na matumboni, nawe utaelewa kwa nini mtu hufurahi sana asubuhi ya siku ya nne.

Lakini furaha hiyo haidumu. Akirudia ugali, chapati na wali wake wa kila siku, mwili hujaza akiba ile upya, na maji hurudi pamoja nayo. Harusi huisha Jumamosi, na kufikia Jumamosi inayofuata nguo imeanza kukataa tena.

Misuli nayo huliwa

Upungufu wa pili ni wa protini. Kwa siku tatu za kwanza mtu hapati nyama, samaki, mayai, maharagwe wala ndengu. Mwili hauwezi kungoja nyama ya siku ya tano. Huanza kuvunja sehemu ya misuli yake ili upate kinachohitajika.

Hii si hasara ndogo, kwani misuli hutumia kalori hata mtu akiwa amelala. Anayerudia supu hii mara kwa mara hupoteza misuli kidogo kila mara, na uzani ukirudi, sehemu kubwa yake yaweza kuwa mafuta. Zaidi ya hayo, mwili unaonyimwa chakula hujifunza kubana matumizi. Hivyo basi kazi ya kupungua huzidi kuwa ngumu.

Kisha kuna njaa yenyewe. Katika utafiti ulioanza Novemba 1944 katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mtaalamu Ancel Keys aliwapunguzia chakula vijana 36 waliojitolea. Kwa wiki 24 walipewa takriban kalori 1,570 kwa siku, kiasi kinachozidi kile cha supu. Walipungua karibu robo ya uzani wao, lakini pia walishikwa na baridi, uchovu, hasira na huzuni, na mawazo yao yakawa ni chakula tu. Waliporuhusiwa kula wapendavyo, baadhi yao walikula bila kushiba. Ni kweli kwamba wao walikaa na njaa kwa miezi, si siku saba, na tangu mwanzo hawakuwa wanene. Hata hivyo, tunajifunza kwamba mtu anayefululiza kula kupita kiasi baada ya kujinyima hana ulafi. Mwili wake unadai deni.

Nani yumo hatarini?

Kwa mtu mwenye afya njema, siku saba za supu huenda zikamletea gesi tumboni, kizunguzungu, maumivu ya kichwa na hasira za bure, kisha yakaisha. Lakini kuna watu ambao hawafai kujaribu kabisa bila kuonana na daktari.

Wa kwanza ni mgonjwa wa kisukari anayedungwa insulini au kumeza tembe. Dawa hupimwa kulingana na chakula. Akila kidogo mno na dawa ibaki ile ile, sukari katika damu yaweza kushuka ghafla, akatetemeka, akatokwa na jasho na hata kuzirai.

Wa pili ni mwenye maradhi ya figo, na pia anayetumia baadhi ya dawa za shinikizo la damu ambazo huzuia potasiamu kutoka mwilini. Ndizi zina potasiamu nyingi. Figo zikishindwa kuiondoa, hujazana katika damu na yaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Ndizi nane kwa siku si mzaha kwa mtu huyu. Viungo vya mchuzi vya pakiti navyo huwa na chumvi nyingi, jambo ambalo mwenye shinikizo la damu hukatazwa kila anapokwenda kliniki.

Wa tatu ni anayemeza warfarini ya kuzuia damu kuganda. Kabeji ina vitamini K, ambayo hupunguza nguvu za dawa hiyo. Hakatazwi kula kabeji, ila hapaswi kubadilisha ghafla kiasi anachokula.

Wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wanaokua pia wajiepushe. Na kwa yeyote yule, kupungua zaidi ya kilo moja na nusu kwa wiki, juma baada ya juma, huongeza uwezekano wa kupata vijiwe katika mfuko wa nyongo.

Soda moja tu

Basi afanye nini mwenye nia ya kupungua? Turudi kwenye hesabu yetu. Soda ya nusu lita huwa na takriban gramu 50 za sukari, yaani kama vijiko 12 vya chai, na hizo ni karibu kalori 200. Anayekunywa soda kama hiyo kila siku, akaiacha na kunywa maji badala yake, atakuwa ameokoa kalori 7,000 katika siku 35. Hicho ndicho kiasi kile kile ambacho mwenzake alikitafuta kwa juma zima la njaa. Yeye hakulala na njaa hata usiku mmoja, na mwezi ujao ataendelea.

Lengo linalofaa ni kupungua kati ya nusu kilo na kilo moja kwa wiki. Jaza nusu ya sahani kwa mboga, ikiwemo hiyo hiyo kabeji, sukuma wiki au mchicha. Robo iwe ya ugali, wali au viazi, na robo ya maharagwe, ndengu, omena, mayai au nyama isiyo na mafuta mengi. Punguza sukari katika chai, na mandazi na chipsi ziwe za siku moja moja. Shuka matatu vituo viwili kabla ya kwako, utembee. Shirika la Afya Duniani hupendekeza angaa dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, ambazo ni nusu saa kwa siku tano.

Na ukiipenda supu ya kabeji, ipike. Tia maharagwe ndani yake, punguza chumvi, uile pamoja na familia yako kama chakula cha jioni. Jipime mara moja kwa wiki, wala usibabaike mizani ikishuka polepole. Mafuta ambayo yalichukua miaka kujikusanya hayawezi kuondoka kabla ya Jumamosi.