Kabla ya Kutafuta Transfoma Kubwa

Vijana wanaokuja karakana kwangu na koili ya Tesla waliyoitengeneza nyumbani huniuliza jambo moja: transfoma kubwa zaidi inapatikana wapi? Cheche zao ni za shibiri moja, nao wanataka zifike mita. Mimi ni fundi wa kusuka mota, koili hizi nazipenda tangu nikiwa shule, na jibu langu halibadiliki: transfoma iache kwanza.

Wajenzi wa koili wana kanuni yao ya makadirio. Tafuta kipeuo cha pili cha wati zinazoingia, zidisha kwa 4.3, utapata urefu wa cheche kwa sentimita ikiwa koili imepangwa vizuri. Transfoma ya taa za neoni ya volti 15,000 na miliampia 30 ina wati 450 hivi, kwa hiyo inaweza kufikia sentimita 90. Kuurefusha urefu huo mara mbili kwa nguvu tu kunadai wati mara nne. Basi mwenye transfoma hiyo anayepata sentimita 20 hajapungukiwa umeme. Unampotea njiani.

Mahali unapopotea zaidi ni kwenye masafa. Tangu Nikola Tesla aibuni koili hii mwaka 1891, sharti ni lilelile: koili ya chini yenye mizunguko michache minene, na ya juu yenye mizunguko kama 1,000 ya waya mwembamba, zipige masafa mamoja. Ni sheria ileile unayoitumia kutafuta stesheni ya redio. Lakini hapa pana jambo linalowachanganya hata wanaojua hesabu. Cheche ikishatoka, ile hewa iliyowaka inakuwa sehemu ya koili ya juu. Inaiongezea uwezo wa kuhifadhi chaji na kuyashusha masafa yake. Koili zilizolingana barabara kwenye karatasi zinaachana pale pale cheche inapotaka kurefuka. Ndiyo maana masafa ya koili ya chini nayashusha kidogo kuliko hesabu inavyosema. Nasogeza kibanio cha waya kilichoshika koili hiyo ya chini upande wa nje robo mzunguko, nawasha sekunde chache, nazima, naondoa chaji, napima, nasogeza tena. Kazi hii inataka subira, na hakuna nyingine inayolipa kama hiyo.

Kisha angalia mwanya wa cheche. Bolti mbili zinazotazamana hupata moto, na mwanya ukipata moto unachelewa kuzima, hivyo nishati iliyokwisha kupanda juu inarudi chini. Mimi nakata vipande vya bomba la shaba, lile la mafundi wa friji, navipanga sambamba vikiachana kwa nafasi isiyozidi milimita 1, halafu naelekeza feni hapo. Shaba ikishaingia weusi naipiga msasa. Mwanya unaofanya kazi vizuri una mlio mkali na mkavu, na sikio likizoea linautambua mara moja.

Kapasita nayo ichaguliwe kwa umeme wetu. Michoro mingi ya Marekani imepigiwa hesabu ya hezi 60, sisi tuna 50. Kwa transfoma niliyoitaja, kapasita inayopatana nayo kwa hezi 50 ni nanofaradi 6.4, tunaweka kama mara moja na nusu ya hapo, ili volti zisipande hadi kuiunguza transfoma.

Juu ya koili weka duara nene la alumini lenye umbo la bangili. Bomba la kutolea hewa linalokunjika linafaa sana. Likiwa dogo, cheche hutoka mapema zikiwa fupi. Likiwa kubwa kupita kiasi, hazitoki kabisa mpaka uchomeke ncha ya waya. Ukibadilisha duara, masafa yamebadilika, rudi kwenye kibanio. Na mguu wa koili ya juu upewe fimbo yake ya shaba kwenye udongo wenye unyevu, usiunganishwe na ethi ya nyumba, maana umeme huo utaingia kwenye vifaa vya ndani.

Nawaomba jambo moja, wadogo zangu. Umeme wa upande wa transfoma unaua, na kapasita hubaki na chaji baada ya swichi kuzimwa. Chomoa plagi, gusanisha miguu ya kapasita kwa fimbo yenye mpini wa plastiki mrefu, ndipo upeleke mkono. Msiwashe mkiwa peke yenu, na mwenye kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo asisogee karibu.