Mahakama za Athene: Kura, Maji na Shaba

Katika mahakama za Athene ya karne ya 4 KK hapakuwa na hakimu msomi. Kila mwaka wanaume raia 6,000 waliotimiza miaka 30 walipatikana kwa kura kuwa waamuzi, na kesi nzito ilisikilizwa na watu 500 au zaidi. Kuhonga umati kama huo si kazi ndogo, sembuse pale ambapo hakuna ajuaye nani atapangwa wapi.

Siri hiyo ilitunzwa na jiwe. Mwamuzi alikuwa na kibati chenye jina lake, kikachomekwa kwenye moja ya matundu membamba yaliyochongwa safu kwa safu katika jiwe lililosimama wima. Ubavuni mwake palikuwa na mrija uliotiwa vidonge vyeupe na vyeusi. Kikitoka cheupe, safu nzima iliingia kazini; kikitoka cheusi, safu nzima ilirudi nyumbani bila posho. Posho yenyewe ilikuwa oboli 3 kwa siku, chini ya ujira wa kibarua, ndiyo maana wazee walijaa humo. Aristophanes aliwakejeli katika tamthilia ya mwaka 422 KK.

Mdai na mdaiwa walijisemea wenyewe, ingawa mwenye fedha aliweza kuandikiwa hotuba na mtu kama Lysias, aliyekuwa mkazi mgeni, kisha akaikariri. Muda ulipimwa kwa maji yaliyochuruzika kutoka chungu chenye kitobo chini. Chungu kimoja kilichofukuliwa kwenye uwanja wa Agora huchukua lita 6.4 hivi na humalizika kwa dakika 6. Katika kesi za madai, kitobo kilizibwa wakati sheria au ushahidi ukisomwa, ili msemaji asipunjwe.

Waamuzi hawakujadiliana. Kila mmoja alipewa visahani viwili vya shaba vyenye kijiti katikati: chenye kijiti cha uwazi kilikuwa kura ya mshtaki, kisicho na uwazi ya mshtakiwa. Ncha za kijiti zikifunikwa kwa vidole, jirani hakuona chochote. Kura zikilingana, mshtakiwa alishinda.

Haki hiyo ilikuwa na mipaka mikali. Wanawake na wageni hawakuruhusiwa kuwa waamuzi, na maneno ya mtumwa, kwa kawaida, yalipokewa kama ushahidi pale tu alipokuwa ameyatoa chini ya mateso.