Vipitishi vya Neva na Vipokezi vya Mfumo wa Simpathetiki: Ufafanuzi kwa Mfano wa Baridi ya Mafinga

Mji wa Mafinga, wilayani Mufindi, mkoani Iringa, uko katika mwinuko unaozidi mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai huwa na baridi kali. Mazingira hayo yanafaa kufafanua utendaji wa mfumo wa neva wa simpathetiki kwa kuwa athari zake huonekana kwa macho: ngozi ya mikono hupauka na kupoa, na vinyweleo husimama. Kutetemeka, ambako hutajwa pamoja na dalili hizo, hakumo katika kundi hili. Ni kazi ya neva zinazoendesha misuli ya mifupa.

Taarifa ya baridi hufika katika haipothalamasi, kisha amri hushuka hadi sehemu ya kifua na sehemu ya juu ya kiuno ya uti wa mgongo. Kutoka hapo, seli ya neva ya kwanza hutoa asetilikolini, ambayo huamsha vipokezi vya nikotini vya seli ya pili. Seli hii ya pili ndiyo hufika kwenye kiungo, na kwa kawaida hutoa noradrenalini. Tezi za jasho ni kighairi mashuhuri: neva zake ni za simpathetiki, lakini hutoa asetilikolini. Tezi ya adrenali nayo hupokea neva ya kwanza moja kwa moja na kumwaga adrenalini, pamoja na noradrenalini kidogo, katika damu.

Noradrenalini huundwa kutokana na asidi amino iitwayo tairosini, kupitia dopa na dopamini. Ikishatolewa, sehemu yake kubwa hurudishwa ndani ya neva ileile iliyoitoa. Vimeng'enya huvunja kiasi kingine.

Hata hivyo, kipitishi peke yake hakiamui matokeo. Mwaka 1948, Raymond Ahlquist alipendekeza kuwa vipokezi vya adrenalini viko vya aina mbili, alfa na beta, na pendekezo hilo ndilo linaloeleza jinsi kemikali moja inavyobana mshipa mmoja na kutanua mwingine. Alfa-1, katika mishipa ya damu ya ngozi, huongeza kalsiamu ndani ya seli za misuli laini. Mshipa hubana na joto huhifadhiwa. Alfa-2, kwenye ncha ya neva yenyewe, hupunguza utoaji zaidi wa noradrenalini. Beta-1 huongeza kasi na nguvu ya moyo. Beta-2 hulegeza misuli ya njia za hewa, na huitikia zaidi adrenalini kuliko noradrenalini. Beta-3 huchochea mafuta ya kahawia kuzalisha joto, jambo lenye uzito hasa kwa mtoto mchanga, ambaye hutetemeka kwa shida.

Umuhimu wa mgawanyo huu hudhihirika zaidi katika duka la dawa. Msimu wa baridi ni msimu wa mafua, na baadhi ya dawa za kuzibua pua zina fenilefrini, inayoamsha alfa-1, au pseudoefedrini, inayosababisha neva kutoa noradrenalini. Mishipa ya pua hubana na mgonjwa hupata nafuu; lakini mishipa mingine nayo yaweza kubana, na kwa mtu mwenye shinikizo la juu la damu, ambalo baridi yenyewe huelekea kulipandisha, nafuu hiyo huweza kuwa na gharama.

Hatari nyingine ni kinyume cha hiyo. Mafinga ni mji wa viwanda vya mbao, na vumbi la mbao ni kichocheo kinachojulikana cha pumu. Salbutamoli humsaidia mgonjwa wa pumu kwa kuamsha beta-2. Propranololi, inayotumika kwa maradhi ya moyo na kuzuia kipandauso, huzuia beta-1 na beta-2 bila kubagua. Mwenye pumu akiimeza, njia za hewa huweza kubana ghafla, na salbutamoli anayovuta huenda isimfae, kwa kuwa vipokezi inavyovitegemea vimekwisha kuzuiwa.