Kukonda ghafla: Kisangani wasemavyo majirani, na vinavyosema vipimo

Mtu akianza kukonda Mangobo au Kabondo, majirani hutoa jibu kabla ya daktari: ana Sida, au amerogwa. Dhana hiyo ina historia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, huko Rakai nchini Uganda, watu waliuita ugonjwa huo mpya "Slim" kwa jinsi ulivyowakondesha wagonjwa. Hofu imebaki, na wapo wanaojificha nyumbani kwa miezi wakiogopa kupimwa.

Kumbe huenda ni kifua kikuu, chenye kikohozi cha zaidi ya wiki mbili na jasho la usiku, ambacho kwa kawaida hutibiwa kwa miezi sita. Au kisukari: anakula vizuri, kiu haiishi, anakojoa mara kwa mara, na nguo zinampwaya. Tezi ya shingo ikizidisha kazi, moyo huenda mbio na mikono hutetemeka. Saratani na sonona pia hukondesha.

Tshopo ina jambo lake: malale, yanayoenezwa na mbung'o na yanayojulikana tangu zamani upande wa Isangi. Mgonjwa husinzia mchana, usiku hapati usingizi. Tangu 2018 kuna vidonge vya fexinidazole, vinavyomezwa kwa siku 10.

Daktari huanza kushtuka mtu anapopoteza asilimia 5 ya uzito ndani ya miezi 6 hadi 12 bila kukusudia. Kwa mwenye kilo 70, hizo ni kilo tatu na nusu. Na hata kipimo kikionyesha virusi vya Ukimwi, dawa zipo, na wengi wanaozitumia hurudisha mwili.