Masomo ni bure, lakini choki inalipwa na nani? Njia ya feza ya leta kutoka Kinshasa mpaka shule za Kisangani

Tangu Septemba 2019, masomo ya primeri katika shule za leta ni bure katika Kongo nzima. Lakini mjini Kisangani, kuanzia Makiso mpaka Lubunga ngambo ya mto, ulizo linarudi kila mwanzo wa mwaka wa masomo: kama ni bure, ju ya nini mtoto anarudi nyumbani na ujumbe wa kuomba franka ya choki, ya fagio, ya karatasi za mtihani ama ya mwalimu ambaye hajalipwa? Wazazi wengine wanamlaumu direkta, wengine liwali, wengine wanasema ni Kinshasa.

Kila mmoja wa hao ana sehemu yake. Ili kujua ni nani wa kuulizwa nini, inafaa kwanza kufuata feza yenyewe.

Sheria inasema nini

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 ina vipengele vitatu ambavyo kila mzazi angefaa kuvijua. Kipengele cha 43 kinasema masomo ya primeri ni ya lazima na ni ya bure katika shule za leta. Maana yake, bure iliandikwa miaka 13 mbele ya kuanza kutendeka. Kipengele cha 204 kinaweka masomo ya primeri na ya sekondari kati ya kazi za jimbo peke yake, kwa kufuata kanuni ambazo serikali kuu inapanga. Kipengele cha 175 kinasema 40% ya mapato ya taifa ni ya majimbo, na sehemu ile inapaswa kukatwa pale pale feza inapoingia, mbele haijapanda Kinshasa.

Jambo moja linachanganya wengi: shule ya leta ni ipi? Si ile tu ambayo watu wanaita «ofisiele». Kufuatana na mapatano ya 1977 kati ya leta na makanisa, shule za Wakatoliki, za Waprotestanti, za Wakimbangisti na za Waislamu zinaongozwa na dini hizo, lakini walimu wao wanalipwa na leta. Zile nazo ni shule za leta, na bure inazihusu. Shule za watu binafsi tu njo haziko ndani.

Franka 100 inagawanywa vipi

Tuseme leta imekusanya franka 100 katika forodha, kodi na ushuru mwingine wa taifa. Kwa sheria, franka 40 ni za majimbo yote 26. Franka 10 zinaenda katika Kasha la taifa la usawazishaji, linaloitwa Caisse nationale de péréquation (kipengele cha 181), ambalo kazi yake ni kujenga katika majimbo ili yale maskini yasibaki nyuma. Franka 50 zinabaki kwa serikali kuu.

Jimbo nalo halikamati 40 zake zote. Sheria ya mwaka 2008 inasema miji, komini, sekta na usultani zina haki ya 40% ya kile jimbo linapata. Kwa hiyo, ndani ya zile franka 40, franka 16 ni za chini kabisa, kwa mfano kwa komini ya Mangobo ama kwa sekta moja ya Opala, na 24 ni za jimbo lenyewe.

Hiyo ni sheria. Katika matendo mambo yanageuka. Feza yote inapanda kwanza katika akaunti ya Hazina ya leta kwenye Benki Kuu, kisha Kinshasa inarudisha kidogo kidogo. Njo maana watu wanasema «retrosesio», neno ambalo Katiba haikulitaka, kwani haikusema kurudisha, ilisema kukata. Ile retrosesio inachelewa, na mara nyingi haifiki yote. Jimbo likikosa, komini inakosa zaidi, kwa sababu yenyewe inangojea nyuma ya jimbo.

Kuna tena hesabu nyingine. Serikali kuu inalipa yenyewe walimu wa primeri na sekondari, hata kama Katiba inasema masomo ni kazi ya jimbo. Kinshasa inahesabu mishahara ile ndani ya sehemu ya majimbo. Inasema: 40% yenu tayari tumewalipia walimu wenu. Majimbo yanajibu kwamba feza ambayo haijapita mikononi mwao hawawezi kuipanga wala kuitolea hesabu. Mabishano hayo yana miaka mingi, na shule ziko katikati.

Tshopo baada ya 2015

Mwaka 2015 Jimbo la Mashariki (Province Orientale) lilikatwa mara ine: Tshopo, Ituri, Haut-Uélé na Bas-Uélé. Mipaka na Uganda, pamoja na machimbo makubwa ya zahabu, vilibaki upande wa Ituri na Haut-Uélé. Jambo hilo lina uzito, kwa sababu sheria ya machimbo ya 2018 inapatia jimbo 25% ya ada ambayo makampuni ya machimbo yanalipa leta, na 15% kwa sekta ama usultani wa pale machimbo yalipo. Haut-Uélé, pamoja na Kibali, ina kitu cha kutegemea. Kwetu Bafwasende ama Banalia, zahabu na almasi nyingi zinachimbwa kwa mikono, na zinatoka bila kuacha kitu kikubwa katika kasha la jimbo.

Kwa hiyo Tshopo, yenye teritware saba kubwa za pori na mito, inangojea retrosesio kuliko wengine. Kila mwaka liwali anapeleka mradi wa bajeti kwenye Bunge la jimbo, na wabunge wanaupigia kura katika kikao cha Septemba. Lakini bajeti iliyopigiwa kura si feza iliyo ndani ya kasha. Kama bajeti imeandika shule kumi na feza ikafika ya shule mbili, zinajengwa mbili, ama hata moja haimaliziki.

Mwalimu analipwa na nani

Si direkta wala liwali. Salere ya mwalimu inatayarishwa na DINACOPE, idara ya kitaifa iliyochukua nafasi ya SECOPE. Shule inatuma orodha ya walimu wake kwa ofisi inayoisimamia, orodha inapita mpaka Kinshasa, mwalimu anapewa namba, halafu salere inapitia benki. Katika teritware za mbali ambako hakuna benki, Caritas ilitumika kwa miaka mingi kufikisha feza.

Kuna milango miwili, na ni lazima yote ifunguke. Wa kwanza: shule yenyewe ikubaliwe kwa amri ya waziri. Wa pili: shule na walimu wake waingizwe katika orodha ya malipo, kile walimu wanaita «kumekanizwa». Shule nyingi zimepita mlango wa kwanza na zinangojea wa pili. Kuna hata walimu wenye namba lakini bila salere. Wengine wao wamefundisha miaka mingi.

Direkta mwenye madarasa sita, walimu wane wa kulipwa na wawili wasiolipwa, ana shida ya kweli. Wale wawili wakiacha, madarasa mawili yanabaki bila mtu.

Makuta ya wazazi yalipanda mpaka wapi

Mwanzo wa miaka ya 1990, wakati salere ya leta ilianguka mpaka haikununua kitu, wazazi na makanisa walikubaliana kwamba wazazi wasaidie ili shule zisifungwe. Ilikuwa ya muda. Ilidumu karibu miaka 30, kwa jina la «prime».

Wazazi wengi waliamini prime inaishia kwa mwalimu. Haikuwa hivyo. Sehemu moja ilibaki shuleni, sehemu nyingine ilipanda: ofisi za usimamizi wa shule za dini, ofisi za leta za masomo, inspeksio. Kila ghorofa ilikula juu ya mfuko wa mzazi. Mzazi wa Kabondo aliyelipa franka zake alikuwa, bila kujua, analipia pia karatasi na safari za wakubwa wa masomo.

Wakati bure ilianza mwaka 2019, ule mkondo ulikatwa mara moja. Walimu wenye namba walibaki na salere ya leta, wasio na namba walibaki mikono mitupu. Ofisi zilizozoea sehemu yao zilibaki na shimo. Wakati uleule watoto waliokuwa nyumbani waliingia kwa wingi, benchi moja ikakaliwa na watoto wane ama watano. Benki ya Dunia ilikubali mwaka 2020 mradi wa dola milioni 800 kusaidia masomo katika Kongo, lakini shimo la ukubwa ule haliwezi kuzibwa na mradi mmoja. Mwanzoni mwa mwaka wa masomo wa Septemba 2024, walimu katika majimbo kadhaa waligoma kwa ajili ya salere.

Choki, fagio na karatasi

Leta inapaswa pia kutuma kila mwezi feza ya kuendesha shule, «frais de fonctionnement», kwa shule zilizo katika orodha. Hiyo njo feza ya choki. Inapochelewa, direkta anageukia wazazi. Na shule isiyo katika orodha haipati kitu, basi kila kitu chake kinatoka kwa wazazi, ingawa kwa sheria mtoto wa primeri hadaiwi.

Sekondari ni jambo lingine: si bure. Kiasi cha minerval kinawekwa kila mwaka kwa amri ya liwali. Feza ya Egzamen d'Etat inapangwa na wizara kule Kinshasa.

Kuhusu majengo, mpango wa leta wa teritware 145 (PDL-145T) unajenga shule na vituo vya afya. Lakini jina linasema: ni wa teritware. Komini sita za mji wa Kisangani haziko ndani, zinangojea jimbo, mji ama wafadhili.

Mzazi aulize nini, na wapi

Kwa direkta: je, shule iko katika orodha ya malipo? Ni walimu wangapi wanalipwa, wangapi hawalipwi? Feza ya kuendesha shule ya mwezi uliopita imefika? Maulizo hayo si matusi. Kila shule inapaswa kuwa na komite ya wazazi (COPA) na baraza la usimamizi (COGES), ambamo wazazi wana mjumbe wao. Pale njo hesabu inasomwa. Kama komite imelala, wazazi wanaweza kuomba mkutano wa kuiamsha.

Mtoto wa primeri akifukuzwa ju ya feza, mzazi apeleke neno kwa ofisi ya Sous-Proved ama kwa inspeksio, akiwa na jina la shule, darasa na kiasi kilichoombwa. Kwa sekondari, aombe kuona amri ya liwali: kile ambacho hakimo ndani hakidaiwi. Na kila franka inayotolewa iwe na risiti.

Kwa jimbo na komini, mwaliko ni huu: kikao cha bajeti cha Septemba. Wabunge wa jimbo, na madiwani wa komini waliochaguliwa Desemba 2023, wanaweza kuulizwa mambo mawili mepesi. Mwaka uliopita mliandika feza ngapi kwa shule? Na kati ya hizo, ngapi zilitoka kweli?