Daftari la Michango na Shangazi

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mashahidi wawili tu. Harusi ya mwanangu ilikuwa na majina 340, ukumbi una viti 200! Kamati ikafanya kama ilivyo desturi hapa Dar es Salaam, ikafungua daftari la michango. Asiyechanga akafutwa; aliyechanga nusu akapewa kadi ya mtu mmoja badala ya wawili. Hesabu ikatimia. Kumbe kalamu imempitia dada yangu, aliyemlea bwana harusi miaka sita nilipokuwa sina kazi. Hakuchanga; hana kitu. Nikaigeuza kadi ya bosi wangu, mchangaji mkubwa, ikawa ya mtu mmoja. Mwenyekiti wa kamati hasemi nami mpaka leo.